Siku Mbili Naivasha na Kisanduku cha Vyambo Bandia

Niliondoka Mombasa kwa treni ya usiku mwezi Mei, mvua za masika zikielekea ukingoni, nikiwa na fimbo mbili za kuvulia na kisanduku cha vyambo bandia ambavyo muuzaji alinihakikishia kuwa vinamfaa samaki yeyote, popote. Mimi nimekulia baharini, na mshipi wangu wa kwanza ulikuwa wa mkono, wenye chubwi na ndoana moja iliyovikwa kipande cha ngisi. Samaki niliyekuwa namfuata safari hii sikuwahi kumgusa. Anaitwa basi, yule mwenye mdomo mkubwa ambaye taya lake la juu hupita nyuma ya jicho, na jina lake lilinitia aibu ndani ya matatu ya Naivasha: kondakta aliponiuliza nakwenda kuvua nini, nikamjibu “basi”, naye akanieleza kwa upole kwamba mabasi yako steji.

Naivasha ni mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilishuka botini nikitetemeka ndani ya sweta la kuazima. Basi si mwenyeji wa maji hayo. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Nahodha wangu, mzee mwenye kofia ya sufu, alipoona nimeshika samaki wa plastiki wa rangi ya fedha, mwembamba, anayemetameta, hakusema neno mpaka nilipokwisha kumrusha mara kama ishirini bila kuguswa.

“Kijana wangu, maji hayo yana rangi gani?”

“Kama chai ya maziwa, Mzee.”

“Sasa huyo wa fedha ataonwa na nani?”

Tulikuwa upande wa kaskazini, karibu na mahali Mto Malewa unapoingia ziwani, na mvua ilikuwa imeteremsha udongo wote wa juu. Isitoshe, samaki aina ya kapu walioingia ziwani humo mwanzoni mwa miaka ya 2000 huchimbua matope wanapotafuta chakula, nayo ni taabu kubwa kwa basi, ambaye huwinda sana kwa macho. Nilizamisha chambo cheupe nipime, kikatoweka kabla hakijafika dhiraa moja. Katika maji ya namna hiyo samaki hutegemea zaidi ule mstari wa hisia ulio ubavuni mwake, unaopokea mtikisiko wa maji, ndiyo maana chambo kinachofaa ni kile kinachopiga kelele kuliko kinachopendeza. Nilichagua cha waya chenye bapa la mviringo, kwa sababu bapa pana hutikisa maji kwa nguvu kuliko lile jembamba lenye umbo la jani, nikakivika pindo jeusi. Nyeusi huonekana kama kivuli kizito hata penye tope, jambo ambalo mtu wa pwani aliyezoea kuvua kwa vitu ving'aavyo huchelewa kulikubali. Nilikivuta polepole kandokando ya mafunjo, nikampata mmoja mdogo wa kiganja, nikamrudisha. Mchana upepo ulichafua ziwa, tukarudi.

Siku ya pili Mzee alinipeleka Crescent Island, kwenye ukingo wa shimo la volkano lililozama, ambako maji ni ya kina kuliko sehemu nyingine za ziwa na siku hiyo yalikuwa safi zaidi. Jua lilikuwa halijachomoza, uso wa maji umetulia, na gugu maji limetanda kama mkeka. Hapo nilimtoa chura wa mpira, ambaye ndoana zake hulala mgongoni zisinase majani, nikamrukisha juu ya mkeka ule kwa vituo vifupi. Maji yalilipuka. Nikavuta papo hapo, na chura akarudi peke yake usoni pangu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akanieleza kwamba samaki humpiga chura kwanza ndipo ammeze, na mvuvi hana budi kungoja mpaka asikie uzito kwenye mshipi. Funzo hilo lilinigharimu samaki ambaye bado namwota.

Jua lilipopanda, juu pakafa kabisa, kwa kuwa basi huukimbia mwanga mkali na kujificha kivulini. Nilifunga nyungunyungu wa mpira wa kijani iliyofifia, rangi inayokubalika pale maji yanapopitisha nuru, nikaizika ncha ya ndoana ndani ya mwili wake isinase majani, na mbele yake nikatia chubwi dogo lenye umbo la risasi. Nilimwacha azame kando ya shina lililozama. Mshipi ulisogea pembeni kidogo tu. Nilipomtoa samaki huyo na kumfungua kinywa, kooni zilichomoza papasi mbili ndefu nyekundu: kamba wa maji baridi, wale walioletwa Naivasha mwaka 1970, na sasa ni chakula chake kikubwa.

Nilitazama zile papasi, nikatazama kisanduku changu. Katika vyambo zaidi ya arobaini, vya rangi ya kamba vilikuwa viwili. Nilikifunga kimoja, chenye kichwa cha risasi na pindo la hudhurungi na wekundu, nikakiburuza chini kwa vihatua vifupi kama kamba anayerudi nyuma, na kabla ya saa tano nilikuwa nimepata watatu, mkubwa wao kilo moja na robo. Rekodi ya dunia ni pauni 22 na wakia 4, yaani kilo kumi hivi, aliyoiweka George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932 na kufikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, kwa hiyo sikujitangaza.

Upepo ulipoanza kuinua mawimbi, Mzee aliwasha injini na kuomba kile cha pili cha rangi ya kamba. Nilimpa pamoja na yule samaki wa fedha. Cha kamba akakichomeka kwenye kofia yake. Yule wa fedha alinirudishia.