Mradi wa ngeu: rangi imekubali, mstari bado

Kwa wanaofuatilia: bado nataka kunakili wale watu warefu wembamba waliochorwa zamani kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, kwenye kipande cha jiwe, kwa ngeu (rangi nyekundu ya udongo) niliyoitengeneza mwenyewe.

Udongo wa manjano nimeuchoma kwenye kikaango kikuukuu juu ya jiko la mkaa. Madini yake ya chuma yameshika maji ndani. Joto likikaribia nyuzi 300 maji hutoka na udongo hugeuka mwekundu. Wa kando ya kikaango umebaki wa chungwa, nimeutenga. Kusaga kunachosha mikono, ila kazi yenyewe ni kuchuja: koroga kwenye maji, acha mchanga uzame, mimina maji yenye rangi kwenye bakuli jingine, yaache yatulie. Kinacholala chini ndiyo ngeu.

Sasa ishikwe na nini? Kwa maji matupu inapukutika ukipitisha kidole. Nikajaribu uboho wa ng'ombe, kwa sababu kule pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe ya konokono wa baharini yenye mabaki ya ngeu, mkaa na mifupa iliyopondwa, ya miaka 100,000 hivi iliyopita. Unashika vizuri, lakini rangi inatambaa na mstari unavimba. Ute wa yai ndio unaoongoza hadi sasa. Sidai kwamba wachoraji wa Kondoa walitumia mayai. Natafuta tu kitu kinachonipa mstari.

Maana mstari ndio mtihani. Michoro ya zamani ya Kolo, ile myekundu, ina mistari myembamba ajabu: nywele, michirizi ya mwilini. Kijiti nilichokitafuna kama mswaki kinatoa mstari mnene mno. Unyoya wa kuku ni afadhali, ukikatwa ncha. Ile michoro myeupe ya baadaye, ambayo mingi ilipakwa kwa kidole, naweza kuiiga hata leo jioni. Nyekundu inanitoa jasho.

Kinachofuata ni mchoro mmoja wa Kolo wenye watu watano, wa katikati akiwa ameshikwa mikono kutoka pande zote mbili. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mtu anatekwa. Watafiti wengine wanaona ngoma ya kupandisha mizuka, kama ya Wasandawe, kabila la eneo hilo. Mimi naegemea ngoma. Nitaanza na vichwa, maana hapo mistari ni minene kidogo, huku nikitafuta manyoya ya kanga.