Siku moja maabara: kusoma umri wa udongo wa Kilwa chini ya hadubini

Saa 1:15 asubuhi

Oveni kwanza, chai baadaye. Sampuli zimelala humo kwa nyuzi 45, na swali la kila asubuhi ni moja: umeme ulikatika usiku? Hewa ya Dar imejaa maji, na oveni ikizimika saa chache tu, udongo wa mfinyanzi unanyonya unyevu upya. Kugusa kwa kidole hakutoshi. Tunapima kwenye mizani, tunasubiri nusu saa, tunapima tena. Uzito ukibaki uleule, udongo umekauka. Hatuzidishi nyuzi 50, maana maganda ya visukuku vidogo yaliyomo humo, ambayo ndiyo yanayotupa umri, yanaweza kuhitajika baadaye kwa vipimo vya kemia.

Kora ya safari hii, yaani nguzo ya mwamba iliyotolewa ardhini kwa kuchoronga, ni udongo wa kijivu kutoka pwani ya kusini, tumekata vipande 12, kimoja kila mita 1.5, kuanzia kina cha mita 75.5 hadi 92. Wanajiolojia wanauita Kundi la Kilwa na wameligawa mara nne, kutoka chini kwenda juu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Kwa msafiri wa basi la Lindi, Nangurukuru ni njia panda ya kuingilia Kilwa. Kwetu ni tabaka lililoanza kujengeka enzi za Kretasia, zama za mwisho za dinosaria. Hizi 12 ni za Pande, karibu na mpaka wa vipindi vya Eosini na Oligosini, miaka milioni 33.9 iliyopita.

Saa 2:00

Kuloweka. Gramu 20 za udongo mkavu kwenye bika, maji ya uvuguvugu juu yake. Udongo uliokauka vizuri unafumuka wenyewe kama biskuti kwenye chai. Wenye unyevu unabaki donge, na ndiyo maana oveni ilistahili kutangulia chai. Donge sugu tunaliongezea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kwa muda mfupi na kwa kupima pH, kwa sababu dawa hiyo ina uasidi na maganda ni kalsiti, madini ya chokaa yanayoyeyuka kwenye asidi. Ukiisahau bika usiku kucha, asubuhi utakuta matope safi yasiyo na kisukuku, na unaweza kuandika ripoti kwamba bahari ile haikuwa na uhai.

Adui mwingine haonekani haraka. Udongo huu una pairiti, madini ya chuma na salfa. Kora ikikaa ghalani kwenye joto na unyevu wetu, pairiti inaungana na oksijeni, inazaa asidi ya salfa, na asidi inakula maganda yakiwa bado ndani ya mwamba. Dalili yake ni fuwele ndogo za jasi zinazong'aa juu ya kora. Ukiziona, umeshachelewa. Msimamo wangu ni kwamba sampuli za umri zikatwe wiki ileile kora inapofika, hata kama mradi haujapanga.

Saa 3:00

Kuosha. Chekeche la mikroni 63 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), matundu membamba kuliko unywele. Bomba lenye kichwa cha mvua, maji ya kunyunyiza, kamwe si ya kusukuma. Chekeche likiziba, gonga ukingo wake kwa kiganja kutoka chini; ukisugua kwa kidole unavunja miiba ya maganda, na leo maganda yenye miiba ndiyo tunayoyatafuta. Maji yakipanda hadi ukingoni, simama. Yakimwagika, hasara yake huwezi kuipima. Suuza ya mwisho ni maji yaliyotoneshwa, yenye matone machache ya amonia ili pH ipande kidogo juu ya 8. Yakiachwa hivihivi yananyonya hewa ukaa, yanakuwa na uasidi, na maganda membamba yanaanza kuyeyuka.

Baina ya sampuli na sampuli, chekeche linasuguliwa, kisha linazamishwa kwenye methilini ya buluu. Ganda lolote lililong'ang'ania kwenye wavu linatoka na rangi. Likitokea kwenye sampuli inayofuata, linajitaja lenyewe: mimi si wa hapa. Maabara isiyo na ndoo ya buluu siamini tarehe zake. Ganda moja lililohama linatosha kusogeza mpaka.

Lebo zinaandikwa kwa penseli. Wino unatiririka.

Saa 5:00

Masalia yaliyobaki kwenye chekeche yakiwa ovenini, zamu ya nanofosili, visukuku vidogo mno vya mwani. Hizi hazihitaji kuoshwa. Punje ya udongo isiyozidi kichwa cha kiberiti, tone la maji, kijiti cha meno, unapaka kwenye kioo mpaka uone ukungu mwembamba. Kausha kwenye sahani ya moto, weka gundi, iive chini ya taa ya urujuanimno. Dakika kumi kwa slaidi. Kosa la wanaoanza ni kupaka nzito: kwenye slaidi nzito unaona udongo tu.

Hadubini mara 1,000, lenzi ya mafuta, mwanga uliopolaraishwa, yaani uliochujwa utetemeke upande mmoja tu. Kokolithi, vijisahani vya mwani wa bahari vya mikroni chache, vinawaka vyeupe na msalaba mweusi katikati. Ukizungusha meza ya hadubini, mikono ya msalaba inafagia juu ya kijisahani. Discoaster, nanofosili yenye umbo la nyota, haiwaki. Nyota hii imejengwa na kalsiti ambayo mhimili wake unamtazama mtazamaji, kwa hiyo kwenye giza la polaraizi nayo ni giza. Lazima utoe kichujio urudi mwanga wa kawaida. Asiyejua hilo atapita juu ya nyota mia na kuandika "hakuna".

Nasi tunamtaka Discoaster saipanensis, aliyetoweka takriban miaka milioni 34.4 iliyopita. Mita 92.0 yupo, tena kila uwanja wa pili tunaoutazama hadubinini. Mita 90.5 yupo mmoja tu, aliyemomonyoka ncha, na pembeni yake Watznaueria, mkazi wa Jurasi na Kretasia. Huyo amesombwa: maji yalimomonyoa miamba ya kale yakaimwaga kwenye matope mapya. Mmoja chakavu, aliyeandamana na wafu wa zamani, hahesabiwi. Tunaandika alionekana, tunaandika na sababu ya kumkataa.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage na mboga kwa mama ntilie. Mikono inaoshwa kabla ya kula na inaoshwa tena kabla ya kurudi, maana mafuta ya kidole yanaganda kwenye lenzi.

Saa 8:00

Kuokota foraminifera, viumbe vya bahari vya seli moja vyenye maganda. Sampuli sita za juu zilioshwa jana, masalia yako tayari. Chekecha makavu kwa mikroni 150, mwaga kwenye trei nyeusi yenye mistari, nyembamba, punje zisipandane. Brashi ya namba 000, ncha yake imeloweshwa kidogo. Ikilowa sana inabeba matatu kwa pamoja. Ganda linawekwa kwenye slaidi ya vyumba 60, juu ya gundi ya tragakanthi. Gundi hiyo inaota ukungu haraka kwenye hewa yetu, kwa hiyo chupa inatiwa tone la mafuta ya karafuu. Chumba kizima kinanukia kama bandari ya Unguja.

Maganda ya Kilwa ni angavu kama kioo. Udongo haukuzikwa kina kirefu na haupitishi maji, hivyo kalsiti yake haijayeyuka na kujijenga upya. Kwingineko yenye umri huohuo ni meupe kama chaki.

"Dada, hii yenye mwiba si ndiyo Hantkenina?" kijana wa fildi anauliza.

"Mwiba au kalsiti iliyoganda? Igeuze."

Anaigeuza. Hantkenina ana mwiba mmoja mnene, wenye uwazi ndani, kwenye kila chumba. Ndiye, na kutoweka kwake ndiko alama ya mpaka wa Eosini na Oligosini. Mita 77.0. Kwenye 75.5 tunapitia trei mbili nzima bila kumpata, kisha tunarudi kwenye punje za mikroni 63 hadi 150, kwa sababu miiba iliyokatika inajificha huko. Hakuna. Pseudohastigerina, foraminifera wengine, nao pale wamebaki wadogo tu, jambo linalokubaliana na mpaka.

Ingekuwa kisima cha gesi baharini, chenye vipande vya kuchorongwa badala ya kora, tungekuwa waangalifu zaidi. Vipande vya juu vinaporomoka shimoni na kuchanganyika na vya chini, kwa hiyo huko "alionekana mara ya kwanza" hakuaminiki. Kinachoaminika ni mahali kiumbe anapokutwa kwanza ukishuka, yaani kutoweka kwake.

Saa 9:30

Grafu. Hantkenina anaisha kati ya 77.0 na 75.5, kati yake 76.25, miaka milioni 33.9. Discoaster saipanensis kati ya 92.0 na 90.5, kati yake 91.25, miaka milioni 34.4. Mita 15 kwa miaka laki tano: sentimita 3 kwa kila miaka elfu. Kwa hiyo pengo la mita 1.5 lina miaka elfu 50, na mpaka tumeujua kwa kosa la elfu 25 juu au chini, kwa upande wa nafasi ya sampuli peke yake. Ni pana mno. Tunarudi kwenye kora na kisu, vipande vitano zaidi kati ya 75.5 na 77.0, kila sentimita 25.

Saa 10:30 jioni

Hadubini kwenye kabati lenye silika jeli, la sivyo kuvu inachora ramani kwenye lenzi. Silika iliyobadilika rangi inahitaji nyuzi zaidi ya 100, kwa hiyo inasubiri zamu yake; ovenini vinaingia vipande vitano vipya. Nyuzi 45.