Luti ya Baroko kwenye gitaa: ninavyoanza na besi

Muziki wa Silvius Leopold Weiss, mpiga luti wa kasri la Dresden aliyefariki 1750, umetufikia kwa tablatura ya Kifaransa, yaani maandishi yanayoonyesha pa kuweka vidole badala ya nota. Ina mistari sita. Herufi a ni waya wazi, b ni freti ya kwanza, c ya pili, na kuendelea. Kuisoma moja kwa moja kwenye gitaa haiwezekani, maana luti hii (ndugu wa mbali wa udi wa taarab) hutuniwa tofauti kabisa: kutoka juu ni F, D, A, F, D, A, kisha besi zinashuka ngazi kwa ngazi G, F, E, D, C. Luti ya jozi 13 (nyuzi zake nyingi hupangwa mbili mbili, na jozi huhesabiwa kutoka juu) inaongeza B na A chini yake.

Kwa hiyo kwanza nakopi kila kitu kwenye nota bila kufikiria vidole. Hapa wengi hukosea besi. Huandikwa chini ya mistari: a tupu ni jozi ya 7, a yenye kimkwaju kimoja ni ya 8, na kadhalika, kisha tarakimu 4, 5 na 6 kwa jozi ya 11 hadi 13. Lakini besi hizo hutuniwa kufuata ufunguo wa kipande. Kwenye C maina (minor) jozi ya 9 ni E bemoli, si E. Ukisahau hilo, kipande kizima kinanuka.

Baada ya hapo natafuta noti ya chini kabisa, na hiyo ndiyo inayonichagulia ufunguo. Chukua kipande cha C maina kinachoishia kwenye jozi ya 11. Nakipandisha toni moja hadi D maina na kushusha waya wa sita wa gitaa kutoka E hadi D. Ngazi ya besi G, F, E bemoli, D, C inakuwa A, G, F, E, D: waya wa tano wazi, kisha waya wa sita freti ya 5, ya 3, ya 2, na wazi. Yote inaingia bila kuhamisha oktava hata moja.

Kuingia kwenye waya si kuingia mkononi, hata hivyo. Mpiga luti anapiga besi hizo zote wazi kwa kidole gumba, mkono wa kushoto uko huru. Kwenye gitaa ile G ya freti ya 5 inauvuta mkono juu wakati melodi huenda bado iko freti ya kwanza. Hapo naisogeza melodi kwenye nyuzi za ndani, au naipandisha G oktava moja, waya wa tatu wazi. Sioni dhambi kupandisha, kwa kuwa jozi za besi za luti zina waya wa pili wa oktava ya juu. Sikio lilikuwa likizisikia zote mbili. Ila usibadilishe oktava katikati ya ngazi. Badilisha panapokuwa na mruko au baada ya kadensi, yaani kordi zinazofunga sentensi ya muziki. Angalia pia besi isivuke sauti ya kati, maana mzizi wa kordi ukipanda juu yake, kordi inageuka na kadensi inalegea.

Besi za kipande cha jozi 13 zikishuka chini ya hapo, sina njia: zinapanda.

Kuzima sauti kunahitaji mazoezi. A wazi ikifuatwa na G, napiga waya wa sita kwa gumba na kuliacha lilale juu ya waya wa tano. A inazimika yenyewe. D wazi ya waya wa sita ikifuatwa na A, D inabaki ikivuma, ndipo naizima kwa mgongo wa gumba mara tu A inapotoka.

Urefu wa noti tablatura haiuonyeshi. Inasema tu lini upige. Kutenganisha sauti ni uamuzi wako, nami huiacha besi ivume hadi harmonia ibadilike.

Mikunjo ya kuunganisha noti nakopi kwa penseli tu. Noti mbili zilizokuwa kwenye waya mmoja wa luti mara nyingi zinaangukia nyuzi mbili kwenye gitaa, na kulazimisha muunganiko kunavunja mdundo. Hapo nazipiga zote mbili, ya pili kwa ulaini zaidi.