Programu za matamasha ya Bedford

Kuanzia mwaka 1941 hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, sehemu kubwa ya muziki uliosikika kwenye redio za Uingereza ilikuwa ikitoka Bedford, mji huu ninaoishi, wala si London. BBC iliihamishia hapa idara yake ya muziki pamoja na okestra yake kubwa, chini ya kiongozi wake wa muziki, Adrian Boult. Walitokea Bristol, ambako nako mabomu yaliwafuata.

Mimi nilivutwa na karatasi. Mkoa huu una hifadhi ya nyaraka iliyoanzishwa mwaka 1913, ya kwanza ya aina yake katika mikoa ya England, na yeyote anaweza kuingia akaomba kuletewa faili. Begi unaliacha nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, unaandika kwa penseli. Kwa anayependa kwaya kama mimi, programu za matamasha ya zamani ni karamu.

Jina la wimbo na la mtunzi ni sehemu ndogo tu. Pembeni kuna matangazo ya mshona suti, muuza piano, duka la chai. Katika zile za enzi za Malkia Victoria unakuta hata saa ambayo magari ya farasi yafike mlangoni kuwachukua wenyewe. Za wakati wa vita ni nyembamba, kwa kuwa karatasi ilikuwa kwa mgawo, na nyingi zina maelezo ya nini kifanyike king'ora kikilia. Kiingilio kimeandikwa kwa shilingi: 2/6, yaani shilingi mbili na peni sita. Waingereza waliachana na shilingi mwaka 1971. Sisi bado tunaandika 5,000/= kila siku, na mkwaju ule ule ndio ninaouona kwenye karatasi hizi.

Kinachonigusa zaidi ni alama za penseli. Mtu amekata jina la mwimbaji akaandika jingine juu yake. Mwingine ameweka vema kwenye nyimbo alizozipenda. Karatasi iliyochapwa inakuambia kilichopangwa, penseli inakuambia kilichotokea, na wakati wa vita mambo hayo mawili yaliachana mara nyingi.

Mwaka 1944 ndio mfano mkubwa. Matamasha ya Proms, yale ya okestra ya kila kiangazi London, ambayo Henry Wood aliyaongoza tangu 1895, yalikuwa yametimiza msimu wa 50. Ukumbi wao wa awali, Queen's Hall, ulikuwa umeteketezwa kwa mabomu Mei 1941, wakahamia Royal Albert Hall. Juni 1944 Wajerumani wakaanza kurusha V-1, mabomu yarukayo bila rubani, na matamasha ya London yakasimamishwa. Okestra ikaendelea kupiga huku Bedford, na redio ikarusha. Tarehe 28 Julai, ndani ya Corn Exchange, ukumbi wa mjini hapa, mzee Wood aliongoza simfoni ya saba ya Beethoven. Hakupanda tena jukwaani. Alifariki Hitchin tarehe 19 Agosti.

Corn Exchange ninapita mbele yake kila nikienda sokoni. Ukutani pana sanamu ya Glenn Miller, Mmarekani aliyepiga na bendi yake mjini hapa mwaka huo huo, akapotea na ndege iliyoruka kutoka Twinwood, nje kidogo ya mji, tarehe 15 Desemba. Watalii wanampiga picha yeye. Natamani wangejua na habari ya Wood.

Nyumbani nako tunachapa programu: za harusi, za mazishi, za mashindano ya kwaya, zenye majina ya walimu wa kwaya na nyimbo za lazima. Zikishatumika zinafungiwa maandazi. Ikhwani Safaa ya Zanzibar imekuwepo tangu 1905. Hebu fikiria tungekuwa na karatasi ya kila usiku wao wa taarabu, nani aliimba nini na kwa mpangilio gani! Nimempigia mjomba, mwimba besi wa miaka mingi, nikamwomba anitafutie alizobakiza. Anazo chache, nyingi hazina mwaka. Tunakaa kwenye simu Jumapili anakumbuka mmoja mmoja: huu ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, huu mwalimu fulani alikuwa bado hajahamishwa. Naye nimemwambia aandike kwa penseli.