Siku yetu Berlin: mjusi wa Tendaguru, kebabu na mtaa wa Maji Maji

Ukiwa mtu wa Lindi ukasema unaenda Ujerumani, hawakuulizi baridi wala nauli, wanakuuliza "mtaenda kumwona mjusi?", yaani yule dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, huku kwetu Lindi. Sisi tulienda Berlin kumsalimia wifi yangu, na siku aliyokuwa kazini akatuachia funguo na ramani kwenye simu, nendeni mkazurure wenyewe, nyie si watoto. Baba Nasra hajamaliza hata chai keshavaa koti.

Treni zao za chini ya ardhi hazina geti wala mtu mlangoni, unakata tiketi kwenye mashine, unaigonga muhuri kwenye kiboksi, unapanda. Nikamwambia baba Nasra kwetu hii ingefilisika wiki moja tu, akasema we subiri. Kweli bwana, wakasimama vijana wawili wamevaa kiraia kama sisi abiria, kumbe wakaguzi, ukikutwa huna tiketi faini euro 60. Kuna kaka alijifanya kalala fofofo, wakamwamsha hivyo hivyo.

Makumbusho yenyewe inaitwa Museum für Naturkunde, unapanda treni ya U6 na kituo kimepewa jina lake, huwezi kupotea. Ukiingia tu ukumbini huyo hapo. Mmawee! Mita 13.27 kwenda juu, hakuna mifupa ya dinosaria mirefu kuliko hiyo iliyosimamishwa popote duniani. Picha zake nimeziona tangu shule ya msingi lakini picha inadanganya jamani. Nilisogea kwenye mguu wa mbele, ule mfupa wa kutoka begani hadi kiwikoni peke yake unanipita urefu, rangi ya kahawia iliyokolea, una nyufa nyembamba kama chungu cha zamani. Kichwa cha kule juu ni cha kutengeneza, cha ukweli ni kizito mno kukipachika kwenye ile shingo. Halafu si yeye tu, kuna Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na wenzake wadogo wadogo, wote wa Tendaguru, yani nilijiona nimekuja kutembelea majirani walioondoka miaka milioni 150 iliyopita.

Kilichonikaa rohoni lakini sio ukubwa. Hii mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, vita vya Maji Maji vimeisha juzi tu 1907, watu kwetu wametoka kwenye njaa ya kutisha, halafu hao hao ndio wakachimba, wakaifunga, wakaibeba kichwani na mabegani mwendo wa siku nne hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200! Tendaguru kwenda Lindi mjini ni kama kilometa 60 na mvua zikichanganya hata bodaboda anakuomba radhi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wetu, na 2007 kuna dinosaria mmoja wa kule akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Miaka mia imepita ndio wakamkumbuka. Haya.

Tukatoka njaa inauma, tukaingia kwa Mturuki tukala kebabu, mkate umejaa nyama na kabichi mpaka unakula kwa mikono miwili na bado inadondoka. Hapo ndio tukabishana. Baba Nasra anasema warudishe mjusi wetu, basi, hakuna mjadala. Mi nikamuuliza akija utamweka wapi, chini ya mkorosho? Mi naona watujengee kwanza jengo la maana Lindi, walete baadhi ya mifupa, wasomeshe vijana wetu kazi hiyo, na barabara ya Tendaguru ipitike mwaka mzima. Akasema mama Nasra wewe unakata tamaa mapema. Nikasema sikati tamaa, napiga hesabu. Mturuki wa watu anatuangalia tu.

Jioni tukarudi kwenye U6 ileile hadi Afrikanische Straße. Kuna mitaa kule ina majina ya kwetu kwetu, kuna mpaka Sansibarstraße, wakoloni ndio waliyapanga hivyo. Mmoja uliitwa Petersallee, huyo Peters ni Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Agosti 2024 wakalifuta jina, kipande kimoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, dada wa Namibia, kingine ni Maji-Maji-Allee. Vita vilivyowashwa Nandete kule Kilwa, mkoa wetu, leo vina kibao Berlin! Mtaa wenyewe wa kawaida kabisa, miti, baiskeli, nguo zimeanikwa kwenye balkoni. Bibi mmoja na mbwa wake akatukuta tunapigana picha chini ya kibao akauliza kwa Kiingereza tunatoka wapi, baba Nasra akaonyesha kile kibao kwa kidole, akasema "huko". Bibi akacheka, sijui alielewa nini.

Wifi alivyorudi akauliza mmeiona Brandenburger Tor, lile lango maarufu la Berlin? Tuliipita na basi namba 100, nikaipiga picha dirishani, imetoka nusu lango nusu kichwa cha abiria. Siiweki.