Raba planti yako hapa Dodoma haina kiu

Jamani wapenzi wa maua wa Dodoma, leo tuongee kuhusu raba planti, ile yenye majani manene ya kung'aa ambayo siku hizi ukiingia sebule za Ilazo, Kisasa au Iyumbu unaikuta imesimama pembeni ya tivii. Naupenda sana huu mmea na kiukweli roho inaniuma nikiuona unakufa kwenye nyumba ya mtu anayeupenda na anayeuhudumia kila siku, maana mara nyingi hiyo huduma ya kila siku ndo inayouua.

Iko hivi. Mvua yetu huku kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 tu, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka midomo inapasuka. Mtu akiona ngozi yake imepauka anauhurumia na mmea, anachota jagi la maji anamwagia, kesho tena, keshokutwa tena. Sasa ukavu wa Dodoma uko hewani, kwenye chungu haupo! Chungu kiko ndani, kivulini, na vingi vinavyouzwa ni vile vya urembo visivyo na hata tundu moja chini, kwa hiyo maji yanatuama humo humo na mizizi inaoza. Jani la chini linageuka njano linadondoka, mwenye nyumba anasema huu umekosa maji huu, anaongeza jagi lingine.

Najua kuna atakayesema mbona kwao huu mti ni wa mvua nyingi. Kweli kabisa, asili yake ni Asia, kuanzia kaskazini mashariki mwa India mpaka Malaysia na Indonesia, na kule jimbo la Meghalaya watu wanaielekeza mizizi yake ikiwa hai mpaka inavuka mto na kuwa daraja la kupita kwa miguu. Kwenye jimbo hilo hilo kuna kijiji kinaitwa Mawsynram ambako mvua inapita milimita 11,000 kwa mwaka. Lakini kule mti uko kwenye miteremko, maji yanapita yanaenda zake, na mizizi mingi inaning'inia nje inapata hewa. Mizizi inapumua jamani. Ukiitumbukiza kwenye ndoo isiyo na tundu umeinyima pumzi, hata ukiweka kokoto chini haisaidii, maji bado hayana pa kutokea.

Dada mmoja wa Area C aliniita nikamwangalizie wa kwake. "Mdogo wangu, mbona naumwagilia vizuri tu na bado unapukutika?" Tukaulaza pembeni taratibu tukautoa kwenye chungu. Mizizi ya raba planti yenye afya ni migumu, ya rangi ya krimu au kahawia, ukiivuta haikatiki ovyo. Ya kwake ya chini ilikuwa myeusi, ukiibana inavuka ganda kama ndizi iliyoiva sana, na harufu yake ni ya mtaro. Tukakata yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa spiriti, tukaupanda kwenye udongo mpya, tukaunyima maji mpaka udongo ulipokauka juu. Umepona na unatoa majani.

Kwa hiyo acha ratiba, tumia kidole. Chomeka mpaka pingili ya kwanza, kama sentimita 2 au 3, ukikuta unyevu ondoka zako, ukikuta pakavu mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Oktoba na Novemba joto likiwa kali utaona unakauka haraka, Juni na Julai usiku unapopiga baridi utakaa muda mrefu bila kuhitaji kitu, na kipindi hicho usiuweke dirishani pale upepo wa usiku unapoingilia.

Maji yenyewe nayo. Maeneo mengi mjini tunatumia maji ya visima na yana chumvi, ndo maana birika linafanya ukoko mweupe. Ukoko huo huo utauona juu ya udongo na kwenye kingo za chungu, na ncha za majani zinaungua zinakuwa za kahawia. Kuyalaza kwenye ndoo usiku kucha hakuondoi chumvi. Kinga maji ya mvua msimu wake, na mara moja moja toa mmea nje kivulini umwagie mengi yapite moja kwa moja yaoshe ule udongo.

Udongo usichote tu ule mwekundu wa kiwanjani, ukilowa unashikana ukikauka unakuwa tofali. Mimi nachanganya udongo mweusi, mchanga wa mtoni, samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri (mbichi inaunguza) na maganda ya karanga yaliyopondwa, na hayo huku hatuna shida nayo. Chungu kipya kizidi cha zamani sentimita 5 hivi kwa upana, usiruke kwenda kikubwa mno. Ndoo ya rangi iliyooshwa inafaa kabisa, toboa matundu kwa msumari wa moto.

Mwanga sasa. Ile kona ya tivii nyuma ya sofa, pazia zito limefungwa na kioo kina tinti, hapana. Utaishi lakini utarefuka kwa kuhangaika, jani hapa, jani kule mbali, chini uchi. Dirisha la mashariki ndo zuri, jua la asubuhi ni laini. La magharibi sogeza mita moja au mbili ndani maana jua la saa tisa la Dodoma linababua majani. Ile yenye mabaka meupe na krimu, Tineke, inataka mwanga zaidi ya ile ya kijani kibichi au ile nyeusi ya Burgundy. Ukishapata sehemu iache hapo. Na kama umeununua Dar au Morogoro, tegemea udondoshe majani kadhaa ukifika, unazoea hewa mpya, usianze kuukimbizia mbolea.

Kitu ambacho hewa yetu inautesa kweli ni vumbi. Kuanzia Julai upepo ukianza, futa majani yake kwa kitambaa laini chenye maji, mkono mmoja chini ya jani mwingine juu, uone kitambaa kinavyotoka chekundu. Lile vumbi linaziba mwanga, na utitiri unapenda sana hewa kavu yenye vumbi. Geuza jani utazame chini yake, ukiona utando mwembamba kama wa buibui na vidoti vidogo vidogo ndo wao, osha kwa maji yenye sabuni ya maji, kijiko cha chai kwa lita, urudie kila wiki mpaka waishe. Msipake mafuta ya kula ili ung'ae jamani! Yanashika vumbi na kuziba vitundu vya jani. Jani safi linang'aa lenyewe, na pale kileleni utaona kile kifuniko chekundu kilichochongoka kikivuka na jani jipya kujikunjua likiwa laini na la rangi ya shaba, mimi hapo huwa nasimama naangalia tu.

Ukikaribia dari, kata juu ya pingili, utachipua matawi pembeni. Vaa glavu maana unatoa utomvu mweupe unaowasha ngozi na macho, na watoto na paka wasiutafune. Futa kidonda kwa tishu yenye maji utaacha kuvuja. Kile kipande ulichokata chenye majani mawili matatu kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, na miezi ya mvua ndo kinashika kirahisi.

Ila usije ukauhamishia nje jirani na ukuta au karo eti umekuwa mkubwa. Kwao unafika mita 30 na kuzidi, na mizizi inayoweza kuvuka mto haiwezi kushindwa na zege la shimo la choo.