Ya moto au ya baridi? Jumapili yangu kwenye pabu ya kando ya mto Thames

Mimi ni mtoto wa Ifakara, nimekua nauona mto Kilombero, kwa hiyo ukiniambia twende tukale na kunywa kando ya mto kitu cha kwanza kunijia kichwani ni mamba, cha pili ni pantoni, maana kabla daraja halijajengwa ulikuwa unaweza kusubiri kuvuka mpaka ukamaliza sahani nzima ya perege wa kukaanga na foleni haijasogea. Sasa huku Oxford, Uingereza, kuna mzee mmoja mwenyeji tunapiga naye zamu za usiku, kila tukikutana kwenye chai ananiuliza umeshaenda pabu (baa yao ya kula na kunywa) ya kijijini Jumapili mchana? Bado. Mwaka wa nne huu, bado. Mwisho akachoka akabuku meza yeye mwenyewe, akasema lete mkeo na watoto.

Tukaenda The Trout, iko Wolvercote, pembeni kabisa ya mji. Basi lipo ila mzee akasema hapana, kwenda pabu ni kwa miguu. Tukatokea mtaa wa Jericho tukaingia Port Meadow, uwanda mkubwa wa majani, ng'ombe na farasi wanajichungia wenyewe hamna hata kijana mmoja na fimbo, mama watoto akauliza hawa wanalala wapi, hawaibiwi? Tukavuka kidaraja tukafuata mto, karibu saa nzima kwa miguu ya watoto, mpaka Godstow kwenye magofu ya nyumba ya watawa iliyofungwa mwaka 1539 enzi za mfalme Henry wa Nane. Alizikwa hapo mpenzi wa mfalme mwingine, Henry wa Pili, anaitwa Rosamund, mzee alitaka kunisimulia kisa chote lakini njaa ilishaanza na harufu ya nyama inatufikia, nikamwambia mzee hiyo tutaimalizia mezani.

Hapo ndo ushamba wangu ulipoanza. Mzee kaenda msalani, sisi tumekaa nje mtoni, meza nzuri, maji yanaporomoka kwenye kizuio yanapiga kelele, nasubiri mhudumu. Dakika kumi. Dakika ishirini. Wahudumu wanapita na masahani wananitabasamia wanaenda zao. Nikasema moyoni haya, ndo yale mambo ya kubaguliwa sisi weusi. Kumbe wala! Kinywaji hapa unakifuata mwenyewe kaunta, unalipa hapo hapo, unabeba glasi zako mwenyewe. Yaani kwetu hujakaa vizuri dada keshafika, kaka nikusikilize, bia anakufungulia mezani unaona kwa macho maana iliyofunguliwa kaunta hunywi, na chupa tupu zinabaki mezani zihesabiwe mwisho. Huku glasi ikiisha inaondolewa, hamna ushahidi wowote kwamba umekunywa ngapi.

Na pale kaunta hamna foleni bwana, watu wamesimama tu wamejipanga ubavuni kwa ubavu, ila kila mtu anajua nani katangulia, ukiulizwa wewe na siyo zamu yako unasema huyu bibi kaanza. Usipige mluzi, usifanye ksss, usipunge noti hewani, utasubiri mpaka giza. Nilimwona jamaa mmoja anapunga, alihudumiwa wa mwisho.

Mzee akatoa raundi ya kwanza. Sasa kuzungusha meza nakujua, hilo halikunisumbua, tofauti ni kwamba kwetu mtu atakwambia wazi kaka leo hujazungusha, huku hakuna atakayekwambia kitu, wanahesabu kimoyomoyo. Kwa hiyo glasi zilipofika nusu mi nikainuka. Painti (glasi kubwa za bia) na soda za tangawizi za watoto (wanangu wanaiita Stoney, siyo Stoney lakini inakuna koo vizuri), nikaangalia bei kwenye kimashine nikafanya kosa la kuibadilisha kuwa shilingi. Usifanye hivyo. Kunywa tu.

Ila bia yenyewe ndo imenifanya niandike hii. Niliuliza iliyo bora hapa ni ipi, kijana akashika mpini mrefu akaanza kuuvuta kama anapampu maji ya kisima, ikatoka bia ya rangi ya asali, povu kiduchu, nikaonja, ya moto! Siyo moto wa chai, moto wa bia ambayo haijaingia friji. Nikataka kuirudisha. Mzee akacheka akanieleza kwamba inakaa kwenye mapipa huko chini kwenye stoo, kama nyuzi 11 mpaka 13 hivi, haijaingizwa gesi na hamira yake bado hai, inaendelea kuchacha ndani ya pipa mpaka siku ya kunywewa. Nikamwambia mzee hiyo ni komoni, pombe yetu ya kienyeji, tofauti mmeiwekea mpini wa shaba.

Nikamkumbuka baba. Baba yangu miaka yote akiulizwa ya moto au ya baridi anajibu ya moto, bia ya Safari ya moto, ya baridi anasema inaua ladha na inakupa mafua. Sisi vijana tulikuwa tunamcheka mpaka machozi, mzee wa kizamani, friji lipo anakunywa ya moto. Sasa nimekaa na Waingereza watupu, wazee wenye makoti mazuri, wote wanakunywa ya moto na wanaijadili kama mvinyo.

Chakula ni rosti ya Jumapili, nyama ya ng'ombe imekatwa vipande vyembamba, viazi vya kuokwa, karoti, mchuzi mweusi, na juu yake ile Yorkshire pudding ambayo nilidhani ni andazi. Siyo andazi. Ni uji wa chapati za maji, mayai, unga na maziwa, unamwagwa kwenye mafuta ya moto ndani ya oveni unaumuka na kubaki na shimo katikati, humo ndo unaweka mchuzi. Watoto walikula hizo tu. Pembeni kuna kibakuli cha kitu cheupe, nikajua mayonesi, nikapakaza nyama yote. Jamani! Hiyo ni horseradish, mzizi mkali uliosagwa, haina habari na ulimi kama pilipili mbuzi, inapanda moja kwa moja puani, machozi yakanitoka, mbwa wa meza ya jirani akainuka kuniangalia. Mbwa wanaingia humo bila shida na wanawekewa maji. Mama watoto alikula miguu iko juu ya kiti.

Halafu samaki. Ukiinama ukutani unawaona chini, wakubwa, wanaitwa chub, wamejipanga kwenye maji yanayokwenda kasi. Nikauliza mbona hawako kwenye menyu? Mzee akashangaa kweli, akasema watu wakiwavua wanawapima, wanawapiga picha, wanawarudisha. Na lazima uwe na leseni ya kuvulia. Leseni ya kumrudisha samaki! Nilikaa kimya muda mrefu.

Nikampigia baba video, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwonyesha meza, mto, wajukuu wakampungia. Nikamsogezea glasi, nikamwambia, baba, hii ni ya moto, na wazungu wote hapa wanakunywa ya moto. Akaiangalia. Akasema, "Mbona haina povu? Wamekupunja." Nikaanza kueleza habari ya pipa na hamira, hata hasikilizi, anachungulia nyuma yangu.

"Huyo mtoto mtoe hapo ukingoni."

"Baba, huku hamna mamba."

"Nani kakwambia?"

Nikamtoa.